Jaji Aliyekijua Kiswahili

Nilimjua Balwinder Kaur zamani, kabla watu hawajaanza kusimama anapoingia chumbani. Tulikutana mwaka 1970 huku Hounslow, katika chuo cha mtaa, kwenye darasa la kupiga taipu. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimetoka Unguja na wazee wangu baada ya mapinduzi, tukahangaika Dar es Salaam na Cairo mpaka tukaangukia London. Yeye alikuwa na miaka kumi na saba, binti wa Kisingasinga kutoka Nakuru, nywele kazisuka msuko mmoja unaofika kiunoni. Mwalimu alitukalisha meza moja. Kidole chake kikakwama baina ya vitufe, akanong'ona, "Mashine gani hii ya kishenzi."

Nikageuka kumtazama. Kwa miezi sikuwa nimekisikia Kiswahili nje ya mlango wa nyumba yetu.

"Wewe wa wapi?" nikamuuliza.

"Nakuru. Na wewe?"

"Unguja."

"Nyinyi ndio wenye Kiswahili," akasema. "Sisi tuliokota tu."

Basi tukawa marafiki. Aliniita dada, maana nilimzidi umri, na hakuacha kuniita hivyo hata alipokuwa mkubwa kuliko mimi kwa kila kitu kingine.

Habari za baba yake hakunihadithia mara moja. Alizitoa kipande kipande, tukiwa kwenye basi au tukingoja mvua ipungue. Surinder Singh alikuwa fundi wa injini za reli Nakuru. Yeye, mkewe na binti yao walikuwa na pasipoti za Kiingereza, kama Wahindi wengi waliozaliwa chini ya bendera hiyo na wasichukue uraia wa Kenya. Mwanzoni mwa mwaka 1968 habari zikaenea kwamba London inataka kuwafungia mlango watu wa namna yao. Watu wakakimbilia tiketi. Surinder akampandisha ndege mkewe na Balwinder, yeye akabaki amalizie mkataba wake wa kazi. Walitua mwezi wa pili. Siku chache baadaye sheria ikapita. Pasipoti ilibaki ile ile, na picha ya mtu ile ile, lakini mwenye nayo sasa alitakiwa kuomba vocha ya kuingilia Uingereza na kupanga foleni.

Surinder alingoja mwaka mzima, kisha akaja bila ya vocha. Balwinder na mama yake walikwenda kumpokea uwanja wa ndege na koti zito la kiume mkononi, kwa kuwa walijua hana. Walikaa kwenye viti tangu asubuhi. Alasiri akawatokea ofisa wa uhamiaji, akawaambia kwa upole kwamba mzee wao hataruhusiwa kuingia, na kwamba anarudishwa kwa ndege ya siku hiyo hiyo. Mama akamwomba walau amwone. Ofisa akasema, "Samahani sana. Mikono yangu imefungwa." Wakamwomba basi ampelekee koti. Akalichukua.

Nairobi nako walimkataa, kibali chake kilikuwa kimekwisha. Akarushwa tena London, akalazwa siku tatu katika chumba cha uwanjani, akarudishwa tena. Mara ya pili Nairobi wakamwacha aingie kwa muda. Akarudi Nakuru kungoja vocha kwenye chumba cha kupanga, katika mji ule ule aliokuwa na nyumba yake zamani.

"Yule ofisa hakuwa mkali," Balwinder aliniambia. "Angetutukana ningemsahau. Lakini alisikitika kweli, na bado akamrudisha. Mimi nataka kukaa kwenye kiti cha mtu kama yule, nione kama kweli mikono inafungwa."

Nilidhani ni maneno ya hasira ya msichana. Kumbe alikuwa ameshapanga. Asubuhi alikuwa akifungasha trei za chakula cha ndege, kazi ya kusimama, mikono baridi saa nane nzima. Akitoka huko anakuja chuoni na harufu ya kuku wa kuchemsha kwenye nguo, anasoma masomo ya sekondari aliyoyakatiza, kisha sheria. Mwalimu wake wa sheria, Bwana Lawrence, alikuwa Mwingereza mwembamba mwenye kikohozi, aliyewahi kuwa karani wa mahakama. Huyo ndiye aliyemwambia waziwazi, "Watakuuliza umesoma wapi. Ukiwataja chuo hiki watacheka kwa ndani. Wewe wataje, kisha nyamaza, waache wacheke wamalize."

Telegramu ya msiba ilifika Jumanne moja ya mwaka 1973. Surinder alikuwa amekufa Nakuru kwa homa ya mapafu, foleni yake ya vocha haijafika. Jumatano Balwinder alikuwa na mtihani. Nilikwenda nyumbani kwao kumzuia asiende, nikamkuta keshavaa viatu.

"Nikikaa hapa nitafanya nini?" akaniuliza.

Akaenda, akafaulu.

Kutoka pale mpaka kwenye kiti cha hukumu ilimchukua zaidi ya miaka ishirini. Alisoma shahada ya sheria akiwa kazini, kwa vitabu vya kuazima. Alipoipata, tukakaa mimi na yeye tukipiga taipu barua za kuomba uanagenzi kwa mawakili. Nyingi hazikujibiwa. Bwana mmoja alimwita katikati ya mji, akamnywesha chai, akamwambia hana tatizo naye hata kidogo, ila jina lake litawapa wateja taabu. Mwisho alichukuliwa na mzee mmoja wa Kiyahudi mwenye ofisi juu ya duka la viatu Ilford. Kila siku akakata London nzima, kutoka magharibi hadi mashariki na kurudi. Akawa wakili. Wateja wake walikuwa watu wa viza, watu wa mipaka, wake waliotengwa na waume, watoto waliokataliwa kwa kuwa cheti kimeandikwa tarehe mbili. Alishinda kesi nyingi. Aliposhindwa, alikuwa akija kwangu, anakaa jikoni, namkaangia vitumbua mpaka anapata sauti.

Mwaka 1995 akateuliwa mwamuzi wa rufaa za uhamiaji, kwanza kwa siku chache kwa mwezi, baadaye moja kwa moja. Mwaka 2005 serikali ikabadilisha jina la kazi, na waamuzi wote wakawa majaji. Mama yake alikuwa bado hai. Alivaa shali yake ya harusi akaenda kupiga naye picha mbele ya jengo la mahakama, jengo la ofisi la kawaida tu, si mbali na uwanja wa ndege, ambako ndege zinapita chini hata wakili akanyamaza katikati ya sentensi.

Na mimi nilikuwa mle mle. Nilifanya kazi ya ukarani kaunsili ya mtaa kwa miaka, na pembeni nikajiandikisha mkalimani wa Kiswahili. Mara nyingine nilipangiwa chumba cha Balwinder. Wote walijua tunajuana, aliliandika hilo kwenye karatasi zake tangu mwanzo. Ndani tulikuwa kama watu baki. Kanuni ilikuwa kwamba ushahidi unaohesabiwa ni ule unaotamkwa kwa Kiingereza, basi hata kama anakisikia Kiswahili alikuwa akitazama karatasi mpaka nimalize mimi, ndipo anaandika.

Kesi ya Mzee Elkana ililetwa Machi mwaka 2006.

Alikuwa na miaka sitini na nane, Mkisii aliyefanya kazi maisha yake yote kwenye mashamba ya chai Kericho. Mkewe alikuwa amekufa. Macho yake yalikuwa yanazimika, jicho la kushoto limekwisha kabisa, la kulia likiona mwanga na vivuli. Alikuja kwa viza ya matembezi kumwona binti yake Serah, na Serah alipomwona anavyopapasa ukuta akaomba abaki naye. Serah alikuwa mtunzaji katika nyumba ya wazee hapa hapa Hounslow. Ana makaratasi yote ya kuishi nchini, ana kazi, ana chumba cha ziada. Wizara ya Mambo ya Ndani ilikataa, naye akakata rufaa.

Kwenye baraza la nje, kabla hatujaitwa, Serah aliniambia, "Mama, mimi nawaogesha baba za watu wengine kila asubuhi. Nawakata kucha. Baba yangu mwenyewe wanasema arudi akajitafutie."

Nikamwambia amtegemee Mungu. Nilikuwa nalijua sharti la sheria, nilikuwa nimelifasiri mara nyingi. Mzazi anayeomba kubaki kwa mwanawe asiwe na ndugu wa karibu kwao anayeweza kumwendea. Ndugu mmoja tu akipatikana, hasa mtoto, kesi inazama.

Tukaingia, Serah akabaki nje kungoja zamu yake ya kutoa ushahidi. Balwinder akakaa mbele, miwani puani, nywele zimekuwa nyeupe na kakata fupi. Upande mmoja wakili wa Elkana, kijana wa kike mwenye mafua. Upande wa pili mwakilishi wa Wizara, na mafaili ya kesi nyingine tano mbele yake. Mzee Elkana akakaa baina yangu na ukuta, kavaa suti ya kanisani, mikono juu ya magoti. Akaniuliza chinichini, "Jaji ni mwanamume ama mwanamke?" Nikamwambia mwanamke. Akaiinua shingo yake vizuri.

Mambo yalikwenda salama mpaka mwakilishi wa Wizara alipouliza: "Una mtoto mwingine Kenya?"

Nikamfasiria. Mzee Elkana hakusita.

"Niko na kijana mmoja, anaitwa Philemon," akasema. "Yuko Eldoret, anatengeneza magari. Mwaka juzi nilikaa kwake miezi mitatu. Lakini akienda kazi alikuwa ananifungia na kufuli kwa nje, ati nisipotee sababu ya macho. Nashinda ndani mpaka jioni, saa ingine bila maji. Siku moja jirani alikuwa anachoma takataka, moshi ikaingia, nikagonga mlango mpaka mkono ikavimba. Nikaona heri nirudi kwangu. Huyo ni mtoto wangu, lakini kwa shida yangu ni kama sina."

Chumba kikaningojea mimi. Na mimi, mtu wa miaka yote hiyo katika kazi ile, sijui niseme nini hata leo. Nililitazama koti lake limepigwa pasi na binti yake, nikalifikiria lile sharti. Nikasema kwa Kiingereza kwamba anaye mtoto mmoja wa kiume, lakini hawana mawasiliano.

Mwakilishi wa Wizara akaandika. Wakili akaandika. Hakuna aliyeshtuka. Balwinder peke yake alikuwa ameiweka kalamu chini.

Akanitazama. 

"Bi mkalimani," akasema kwa Kiingereza, "jibu la bwana lilikuwa refu kuliko hilo. Naomba jibu lote."

Alinipa njia. Ningesema samahani, nimesahau, nikalirudia lote, yangeishia pale. Lakini nilikuwa nimeshaingia, na nikaona nikitoka nitamtosa mzee. Nikasema, "Hilo ndilo jibu, mheshimiwa."

Ndege ikapita juu. Ilipomaliza, Balwinder akavua miwani.

"Lazima niziarifu pande zote mbili," akasema, "kwamba mimi nakifahamu Kiswahili. Alichokisema bwana sicho kilichofasiriwa. Siwezi kuendelea na mkalimani huyu."

Nilikusanya mkoba wangu. Mzee Elkana akanishika mkono wa nguo, akauliza, "Mama, nimekosea wapi?"

Sikuruhusiwa kumjibu. Nikatoka.

Yaliyofuata nilihadithiwa na Serah, ambaye mchana aliruhusiwa kukaa ndani, na baadaye na Balwinder mwenyewe. Waliahirisha hadi mchana, akaletwa mkalimani mwingine, Bwana Telesphor, Mtanzania wa Bukoba, mtu makini asiyepunguza wala kuongeza. Pande zote mbili zilikubali Balwinder aendelee, kwa sharti kwamba yale ya asubuhi yafutwe na ushahidi uanze upya. Wakamuuliza mzee swali lile lile.

Lakini Elkana wa mchana hakuwa Elkana wa asubuhi. Alikuwa amekaa saa tatu kwenye baraza akijua kwamba maneno yake yamemfukuzisha mtu kazi. Hakuelewa kwa nini. Alidhani amesema jambo baya juu ya mwanawe mbele ya serikali, na jaji amekasirika. Na sasa aliyekaa kando yake alikuwa mwanamume, wa rika la Philemon.

"Ndiyo, niko na Philemon," akasema. "Nilikaa kwake miezi mitatu."

"Alikutunza?"

"Alinipatia chakula."

Mwakilishi wa Wizara akasema hana swali zaidi. Wakili wa mzee hakujua la kuuliza, kwa sababu asubuhi alilipata jibu langu tu, na habari za kufuli hakuna aliyewahi kumwambia. Hata Serah alikuwa hazijui. Elkana hakumsema mwanawe mmoja kwa mwingine.

Ndipo Balwinder akauliza mwenyewe. Aliruhusiwa kuuliza, ila si kumtia mtu maneno kinywani. "Bwana Elkana, katika nyumba ile palikuwa na taabu yoyote?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Kwa nini uliondoka?"

"Nilitamani kwangu."

"Ukiwa mchana peke yako, ulikuwa unaishije?"

Serah aliniambia kwamba baba yake aliigeuza kofia yake mkononi mara kadhaa. Kisha akasema, "Mtoto ni mtoto, mheshimiwa. Alifanya yake."

Hukumu ilitoka baada ya wiki tatu. Rufaa imekataliwa. Mwishoni Balwinder aliongeza aya moja ya kumwomba waziri amwonee mzee huruma nje ya sheria, kwa ajili ya macho yake na mapenzi ya binti yake. Aya ya namna hiyo haimlazimishi mtu. Jibu la Wizara lilikuwa la mistari miwili.

Mimi niliondolewa kwenye orodha ya wakalimani. Barua ya kunishtaki iliandikwa na Balwinder, sahihi yake naijua. Binti yangu Suad, aliyezaliwa hapa na ambaye husikia Kiswahili chote lakini hukijibu kwa Kiingereza, aliisoma na kusema kwamba yule si rafiki. Sikumpinga.

Jumamosi moja mchana Balwinder akaja. Nilimfungulia mlango lakini sikumkaribisha jikoni, tukakaa ukumbini kama wageni. Alikuwa amekonda.

"Umekuja kuomba radhi?" nikamuuliza.

"Hapana, dada."

"Basi umekuja kufanya nini?"

"Sijui. Nilipanda basi nikajikuta nashuka hapa."

Nikamwambia yote niliyokuwa nimeyaweka. Kwamba yeye, wa watu wote, yeye aliyekaa uwanjani na koti la baba yake, alikuwa na neno moja tu la kulinyamazia. Hakuna aliyejua. Mwakilishi wa Wizara alikuwa hata hasikilizi. Angenyamaza, mzee angebaki.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikaribia," akasema. "Nilikuwa nimeshaishika kalamu niandike ulilosema. Kisha nikajiuliza, wiki ijayo atakaa pale mtu ambaye sura yake haitanikumbusha baba yangu, na mkalimani atapunguza maneno ya kumwokoa. Huyo nitamnyamazia vilevile? Nikianza kuchagua ni uongo gani niusikie, mimi ni nani pale?"

"Wewe ni jaji."

"Jaji wa kitu gani? Niliambiwa maneno yaliyomtosha yule mzee, dada. Kufuli, kiu, moshi. Kwa maneno yale wakili wake angeweza kusema kwamba mwana yupo lakini kwake hakuendeki, na mimi ningeweza kuandika hivyo bila ya kuvunja kitu. Nilikuwa nangojea tu yatoke kwa Kiingereza."

Mpaka siku ile nilikuwa nadhani nimemtetea mzee nikazuiwa.

"Ungemuuliza juu ya kufuli mchana," nikasema. "Uliyasikia kwa masikio yako."

"Yalishafutwa. Mimi si shahidi katika kesi yangu mwenyewe. Nilimuuliza kwa kuzunguka, mara tatu. Mara tatu akamficha mwanawe." Akajifuta macho kwa ncha ya kidole, akakitazama kidole. "Miaka thelathini na saba nimemwita yule ofisa wa uwanjani mwongo. Kwamba mikono haifungwi, ni mtu tu anaamua kuifunga. Nikasoma mpaka nikafika kwenye kiti. Sasa sina hata wa kumwita mwongo."

Sikumpa chai. Baadaye niliona vibaya kwa hilo kuliko kwa mengi mengine.

Elkana aliondoka Novemba. Niliwasindikiza uwanjani mimi, kwa sababu Serah alikuwa hana mtu. Nilikuwa nimemwungamia makosa yangu yote, nikitarajia anifukuze. Alisikiliza, akasema, "Ulitaka kutusaidia, mama," kwa sauti ya mtu aliyechoka kiasi cha kutoweza kukasirika. Pale kwenye foleni mzee alitupapasa nyuso, mmoja baada ya mwingine. Mtumishi wa shirika la ndege akaja na kiti cha magurudumu. Mzee akasema anaweza kutembea. Wakamwambia ni utaratibu. Akakaa, akasukumwa, na tulimwona mpaka alipokatiza pembe. Hakujua upande gani tupo, hivyo alipunga mkono kwenye ukuta.

Philemon alimpokea Nairobi. Kila Jumapili baada ya kanisa Serah alikuwa akipiga simu. Mara nyingi nilikuwa naye, maana nilijizoesha kumpitia. Mzee alisema yuko sawa. Serah akamuuliza mchana anashinda na nani. Akasema na redio. Akamuuliza kama mlango unafungwa. Mzee akauliza habari za baridi ya London.

"Baba hajawahi kusema hayuko sawa," Serah aliniambia akiikata simu. "Nikisubiri aseme nitasubiri mpaka kiama."

Alimpigia Philemon peke yake, akamsema. Philemon hakukana. Alimwambia naye ana kazi, ana mke aliyemkimbia, na mtaa ule una mtaro wazi mbele ya mlango. Siku alipoacha bila kufuli, mzee alitumbukia. "Wewe njoo basi ukae naye," akamwambia. Serah akaomba likizo, akaenda wiki tatu. Alimtafutia mama mmoja wa kanisani, Mumbi, awe anashinda naye. Mumbi alikaa miezi minne akapata kazi nyingine. Serah akafikiria kurudi moja kwa moja. Lakini kazi yake ndiyo iliyokuwa ikimlisha baba, na dawa za macho, na mshahara wa Mumbi alipokuwapo, na nusu ya kodi ya Philemon. Akibaki London baba yuko peke yake, na akirudi hana cha kumtunzia. Aliligeuza hilo mwaka mzima mbele yangu.

Mzee Elkana alifariki mwezi wa Mei mwaka 2008, mchana, ndani ya nyumba. Philemon alimkuta jioni aliporudi kutoka kazini. Ilisemekana ni moyo.

Mimi na Balwinder tulikuwa tumerudi kuzungumza wakati huo, si kama zamani, lakini tulikuwa tukionana. Hakuwahi kuniuliza juu ya mzee. Nadhani alijizuia kwa sababu ya kazi, au aliogopa. Na mimi sikuwahi kumwambia. Siku habari ya kifo iliponifikia nilikwenda kumngoja nje ya jengo la mahakama. Alitoka saa kumi na moja na begi lake la magurudumu lililojaa mafaili, akaniona, akajua kuna jambo.

Nikamwambia. Akakaa kwenye ukuta mfupi wa maegesho.

"Alikuwa peke yake?"

"Ndiyo."

"Mlango?"

"Sijauliza," nikasema, na ilikuwa kweli. Serah pia hakumuuliza ndugu yake. Kuna mambo mtu akiyajua hana pa kwenda nayo.

Wenzake wakawa wanatoka, wanamuaga kwa heshima, naye anawajibu kila mmoja kwa jina. Alikuwa amesikiliza kesi tano siku hiyo, na hukumu zote tano alitakiwa kuziandika. Walipopita wote akafungua mkoba, akatoa bahasha tupu na kalamu.

"Amezikwa wapi?"

Nikamwambia wamempeleka kwao, Nyamira, nikamtajia jina la kijiji kama Serah alivyonitajia. Hakulipata vizuri, nikamtajia herufi moja moja. Akaliandika polepole, kwa herufi kubwa. Kisha akabaki ameishika ile bahasha, anaisoma na kuisoma tena, hajui aiweke wapi.